Kushuka chini ya bahari ya Vanga: bei ya kila njia

Oktoba 2011, mfanyabiashara wa mji wa Dalian, China, alinunua nyambizi ndogo iliyoundwa na Zhang Wuyi, mkulima wa Wuhan mwenye mapenzi na uvumbuzi. Alilipa yuan 100,000, wakati ule karibu dola 15,900. Kufikia 2012 Zhang na wenzake walikuwa wamekwisha kuunda nyambizi nane. Zilielezwa kuwa zinazama mita 20 hadi 30, na kazi zilizokusudiwa ni kuvuna mali za baharini, jongoo bahari wakitajwa mbele.

Habari hiyo Vanga, kusini mwa pwani ya Kenya, inasomwa kwa macho mengine, kwa sababu hapa jongoo ni riziki. Vijana wa Vanga, Majoreni na Shimoni huwazamia, tajiri huwanunua, kisha huchemshwa, hukaushwa na kusafirishwa hadi Asia. Waliokuwa karibu na pwani wamepungua kwa kuvunwa mno, na mzamiaji anazidi kufuata maji marefu. Chombo kinachomshusha mtu mita 20 akiwa mkavu, anapumua hewa ya kawaida, si wazo la kuchekwa. Ni wazo la kupigiwa hesabu, na hesabu hiyo ndiyo ninayoifanya hapa: nyambizi ya kujiundia inagharimu nini, na pesa hizo hizo zingenunua nini kwingine.

Bei za shilingi nitakazozitaja ni makadirio yangu ya kupangia, dola moja ikihesabiwa shilingi 130. Kwa bei hiyo, nyambizi iliyokwenda Dalian ni kama shilingi milioni 2. Tao Xiangli wa Beijing, aliyeunda yake 2009 kwa mapipa ya mafuta yaliyokwisha kutumika, alitumia yuan 30,000, yaani kama shilingi 570,000. Fundi wa Vanga anayeota nyambizi ataangukia kati ya bei hizo mbili, na atakapoangukia ndipo patakapoamua usalama wake.

Kavu au mvua

Kwanza achague aina. Nyambizi kavu ni ile ambayo mwili wake wa chuma unabeba mgandamizo wote wa maji, na aliye ndani anabaki katika hewa ile ile ya pwani. Faida yake kwa mzamiaji ni kubwa. Mwili wake haujazwi naitrojeni, kwa hiyo akipanda juu hapatwi na maumivu ya viungo na kupooza kunakowapata wanaoibuka haraka kutoka maji marefu. Wanaojua wazamiaji waliorudi nyumbani wakitembelea mkongojo hawahitaji kuelezwa uzito wa faida hiyo.

Nyambizi mvua ni fremu yenye propela na usukani. Maji yanaingia mote, nawe umevaa miwani na mtungi kama mzamiaji yeyote. Inaundika kwa plaiwudi na faiba, kazi ambayo mafundi wa boti wa pwani yetu wanaimudu, na bila kuhesabu mitungi wala mafunzo nakadiria shilingi 200,000 hadi 300,000. Lakini ulichonunua hapo ni mwendo tu. Hewa inaisha vile vile, na hatari ya kupanda haraka ipo vile vile. Kwa mtu ambaye hajasomea kuzamia haifai kabisa, na aliyesomea haimwongezei mengi. Naiacha hapo.

Uzito usioulizwa

Watu huulizia unene wa chuma. Swali la kwanza lilipaswa kuwa la uzito.

Chukua mwili wa mtu mmoja: silinda yenye upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 2.5, ambamo mtu anaketi kwa kujikunja. Ujazo wake ni karibu mita 1.6 za ujazo, na maji ya bahari ya ujazo huo yana kilo 1,630 hivi. Chombo chote, pamoja na wewe uliye ndani, lazima kifikie uzito huo ndipo kikubali kuzama. Ukikiunda kwa bamba la milimita 8, chuma cha mwili hakizidi kilo 525. Ongeza mataruma ya ndani, kifuniko cha kuingilia, betri, mota na mtu wa kilo 75, unafika kilo 1,000 au zaidi kidogo. Kilo 600 zilizobaki ni farumi.

Manahodha wa majahazi wanaijua farumi, yale mawe ya tumboni yanayokizuia chombo kupinduka. Kwenye nyambizi ndiyo pia inayokushusha, na aina utakayochagua inabadilisha bei sana. Zege ni rahisi, lakini ikifungwa nje ya mwili inabebwa na maji: kilo 600 za zege zikiwa baharini zinavuta kama kilo 340 tu. Chuma kinapoteza asilimia 13 ya uzito wake, risasi asilimia 9. Kutumia risasi mwanzo hadi mwisho, kwa shilingi 300 kwa kilo, kutakula karibu shilingi 200,000. Chaguo langu ni chuma chakavu kwa sehemu kubwa, kama kilo 585 kwa shilingi 60, na risasi kilo 100 tu kwa ajili ya uzito wa dharura, ule unaoangushwa kwa kuzungusha mpini kutoka ndani hata kama umeme wote umekufa. Jumla ni shilingi 65,000. Hapo umeokoa zaidi ya laki moja bila kupunguza usalama, na ni sehemu chache sana za mradi huu ambapo naweza kusema hivyo.

Vanga ina jambo lake zaidi. Hesabu niliyofanya ni ya maji ya chumvi, na hapa kuna Mto Umba, unaoshuka kutoka Usambara upande wa Tanzania na kumwaga maji yake baharini karibu na mji. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi kwa kama asilimia 2.5. Nyambizi yetu iliyosawazishwa baharini, ikiingia kwenye maji ya mto baada ya mvua, inakuwa nzito ghafla kwa kilo 40, bila mtu kugusa kitu. Kama huna tangi la kusawazisha lenye uwezo wa kuzidi hapo, utajikuta kwenye tope la chini. Usipange kuzama mlangoni mwa mto, hata kama ndiko karibu na nyumbani.

Na tope la Umba ni gharama nyingine. Mbele ya mji, kati ya mikoko, dirisha la bei yoyote halitakuonyesha kitu. Matumbawe na samaki wa kutazamwa wako upande wa Kisite na Mpunguti, ndani ya hifadhi inayosimamiwa na Kenya Wildlife Service, na msimu wake ni kaskazi, bahari inapotulia na maji yanapokuwa meupe. Nyambizi ya kujiundia haifiki huko kwa betri zake. Itavutwa na boti, na boti ina mafuta, nahodha na baharia. Weka shilingi 15,000 kwa kila safari. Safari 20 za kaskazi moja ni 300,000, na hizo zinarudi kila mwaka.

Kipande kwa kipande

Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo wa tani 10 kwa kila mita ya mraba. Dirisha lenye upana wa sentimita 30, kama mfuniko wa sufuria, likiwa kina cha mita 20 linabeba karibu tani moja na nusu. Hilo ndilo linaloamua bei ya vitu vinavyofuata.

Kwa mwili na mataruma, pamoja na vipande vitakavyokatwa na kutupwa, nunua kilo 800 za bamba jipya. Kwa shilingi 160 kwa kilo ni 128,000. Kuna atakayekuambia uchukue tangi kuukuu la gesi kwa nusu ya bei hiyo. Kataa. Tangi la gesi liliundwa kusukumwa kutoka ndani, na linalosukumwa kutoka ndani hunyooka na kuwa duara zaidi. Baharini litasukumwa kutoka nje, na popote palipobonyea kidogo patazidi kubonyea. Kutu ya ndani nayo huioni. Kwa sababu iyo hiyo bamba likunjwe kwa mashine Mombasa, wala si kwa nyundo, na miisho ya silinda iwe ya kuba, maana mwisho bapa unahitaji unene mkubwa zaidi kubeba mzigo ule ule. Kukunja, kuba mbili na usafiri hadi Vanga: 90,000.

Mchomeleaji ndiye mtu wa kumlipa vizuri kuliko wote. Geti la nyumba likiwa na tundu la sindano kwenye mshono halimdhuru mtu. Hapa tundu hilo ni maji ndani. Tafuta aliyethibitishwa kwa kazi za mabomba ya mgandamizo au meli, na lipia ukaguzi wa mishono kwa mawimbi ya sauti au rangi ya kupenya. Nimeweka 150,000 na sitashangaa ikizidi. Madirisha ya akriliki nene pamoja na kifuniko na mpira wake ni 100,000. Betri nne za sola, zile za kuvumilia kuisha na kuchajiwa tena, 90,000. Mota mbili za umeme za mashua, nyaya na fyuzi, 130,000. Mitungi ya hewa, vali na mipira ya kusukuma maji yatoke kwenye matangi, 130,000.

Hewa ya kupumua inahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu hujidanganya. Wengi hudhani hatari ni kuishiwa oksijeni. Kinachotangulia ni hewa chafu unayoitoa mwenyewe. Mtu aliyetulia hutoa lita 20 hadi 25 za kaboni dioksaidi kwa saa. Ndani ya chombo chetu, ukiondoa nafasi ya mwili wako na vifaa, kuna hewa ya lita 1,200 hivi. Ndani ya saa moja kaboni dioksaidi inakaribia asilimia 2. Ikifika saa mbili kichwa kinauma, pumzi zinakuwa fupi, na akili inayotakiwa kufungua vali sahihi haiko tena sawasawa. Dawa yake ni chembechembe za chokaa zinazofyonza hewa hiyo, za aina inayotumika kwenye mashine za kulaza wagonjwa usingizi hospitalini, pamoja na feni ndogo ya kuipitisha hewa humo, mtungi mdogo wa oksijeni na vipimo viwili vya gesi. Betri za asidi nazo hutoa haidrojeni zinapochajiwa, gesi inayolipuka kwa cheche moja, kwa hiyo zikae kwenye sanduku lao nje ya chumba cha mtu. Yote hayo 80,000. Asiyekuwa nayo hana nyambizi.

Ukiongeza farumi yetu ya 65,000, tela ya kubebea kwa 150,000 na majaribio kwa 120,000, jumla inafika shilingi 1,233,000. Weka akiba ya asilimia 20 kwa yanayoharibika. Unakaribia milioni moja na nusu, na chuma cha mwili, ambacho ndicho kila mtu huanza kukiulizia, hakifiki hata sehemu ya kumi ya pesa hizo.

Kuna pesa moja ya kuokoa kihalali: usichore mwenyewe. George Kittredge, aliyekuwa afisa wa wanamaji wa Marekani, alichora michoro ya nyambizi ndogo za K-250 na K-350, nambari hizo zikiwa kina chake kwa futi, na wajenzi wa nyumbani wa nchi nyingi wamezifuata. Mchoro uliokwisha kujengwa na kuzamishwa na wengine ni rahisi kuliko hesabu mpya, hata ukiulipia, na makosa yake yameshaonekana.

Kina unacholipia na kina unachozamia

Hapa kuna uchaguzi mwingine. Kuunda chombo cha kuhimili mita 30 na kuzamia mita 10 tu kunagharimu zaidi kidogo kuliko kuunda cha mita 10, na ndiyo bei ya ziada ninayoitetea kwa nguvu zote. Mabaharia wa nyambizi ndogo wana kanuni ya kutozamia kamwe mahali ambapo sakafu ya bahari iko chini kuliko uwezo wa chombo. Kikishindwa kuelea, kitulie chini kikiwa kizima. Ndani ya miamba upande wa Vanga kanuni hiyo inatekelezeka. Nje, kwenye mkondo wa Pemba, sakafu inashuka mamia ya mita, na hakuna chuma cha milimita 8 kitakachokurudisha. Kumbuka pia kwamba bamvua za pwani hii hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita 3. Pahali ulipopima mita 10 maji yakiwa makavu, baada ya saa sita ni 13.

Majaribio ndiyo hukatwa kwanza pesa zinapopungua. Nyambizi iitwayo Titan iliangamia 18 Juni 2023 ikielekea mabaki ya meli ya Titanic, na watu watano wakafa. Kiti kimoja kiliuzwa dola 250,000, zaidi ya shilingi milioni 32. Mwili wake ulikuwa wa nyuzi za kaboni, na haukuwa umethibitishwa na shirika lolote la ukaguzi wa vyombo. Ripoti ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, iliyotoka Agosti 2025, ilisema maafa hayo yangeweza kuzuilika. Mmoja wa waliotoa onyo mapema ni Karl Stanley, mtu aliyeanza kujiundia nyambizi akiwa na miaka 15 na ambaye kwa miaka mingi amewazamisha watalii Roatán, Honduras, kwa nyambizi yake Idabel, hadi zaidi ya mita 600. Alipanda Titan mwaka 2019, akasikia mwili wake ukitoa milio ya kupasuka, akamwandikia mwenye chombo. Mjenzi wa uani aliyesikiliza chuma chake amedumu, na kampuni yenye mamilioni imezama. Tofauti yao haikuwa pesa.

Kwa chombo cha Vanga majaribio yanayolipiwa na zile 120,000 ni haya: kwanza kukishusha kitupu kwa kamba hadi mara moja na nusu ya kina utakachozamia, kukiacha huko saa kadhaa, kukipandisha, kukikagua kila mshono, na kurudia. Mtu anaingia baada ya hapo, kwenye mita 3, akiwa na boya la juu lililofungwa kwa kamba na mzamiaji mwenye mtungi akisubiri kando. Anayeona hilo ni kupoteza mafuta ya boti hajawa tayari kuunda.

Na karatasi je? Vanga ni mpakani. Ukivuka Jimbo unafika Jasini, Tanzania, na chombo kinachozama na kuibuka maji haya kitaulizwa na Walinzi wa Pwani pamoja na Jeshi la Wanamaji, na wana haki ya kuuliza. Usalama wa vyombo uko chini ya Kenya Maritime Authority, uvuvi chini ya Idara ya Uvuvi, na BMU ya Vanga, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, ndiyo inayojua nani yuko majini siku gani. Kwa anayewaza jongoo bahari, ajue kwamba serikali ilishapiga marufuku kuwavuna kwa mitungi ya hewa ili wasimalizwe. Biashara ya kuwafuata kwa nyambizi inakwenda kinyume na nia ya marufuku hiyo, na mimi siitetei. Jongoo wa maji marefu ndio wazazi wa wa maji mafupi. Tukiwafikia nao, tumemaliza.

Pesa hizo hizo kwingine

Miwani ya kuzamia, mrija na mapezi ya miguuni ni shilingi 6,000 hadi 10,000, na ukiwa Kisite siku ya maji meupe utaona kwa mita 4 zaidi ya vile nyambizi ingekuonyesha mbele ya Vanga. Sina la kuongeza, ila wengi wetu tuliozaliwa pwani hatujawahi kufanya hata hilo.

Mafunzo ya mtungi yanapatikana Diani, kwa kadirio la shilingi 50,000 hadi 65,000 kwa cheti cha kwanza, kinachokuruhusu mita 18. Kikomo cha wazamiaji wa burudani ni mita 40. Kwa 150,000 mtu amepata cheti na safari za kutosha kumjulisha bahari inavyokuwa chini. Mjenzi wa nyambizi ambaye hajapitia mafunzo haya anajenga kwa kubahatisha, kwa hiyo hata anayeng'ang'ania chuma aanzie hapa.

Kompresa ya boti yenye mpira mrefu mdomoni ndiyo njia ya bei ya chini, pengine shilingi 60,000, na ndiyo nisiyompendekezea mtu. Kompresa ya kupaka rangi au kujaza magurudumu huingiza moshi wa injini na mvuke wa mafuta kwenye mapafu, injini ikizimika pumzi imekatika, na kwa kuwa hewa haiishi kama ya mtungi, mtu hukaa chini mno halafu huibuka haraka. Chemba ya kumtibu iko Mombasa, zaidi ya kilomita 100 kutoka Vanga.

Kununua nyambizi iliyokamilika ni mambo ya matajiri wa dunia: ndogo za watu wawili kutoka viwanda vya Ulaya zinagharimu mamia ya maelfu ya yuro, na kubwa hupita milioni kadhaa. Bahari yetu imeziona. Aprili 2019 Rais wa Ushelisheli wakati ule, Danny Faure, alitoa hotuba kutoka ndani ya nyambizi ya watafiti, zaidi ya mita 120 chini. Miaka ya nyuma Mjerumani Hans Fricke na wenzake walishuka Komoro kwa GEO, kisha kwa JAGO ya watu wawili inayohimili mita 400, wakawapiga picha samaki silikanti wakiwa hai nyumbani kwao. Anayetaka tu kulala akitazama samaki, ng'ambo ya mkondo kule Pemba hoteli ya Manta ilifungua chumba cha chini ya maji mwaka 2013, kwa bei iliyotangazwa ya dola 1,500 kwa usiku kwa watu wawili. Usiku nane humo ni sawa na nyambizi yetu nzima.

Njia iliyobaki ndiyo ninayoipa kura: kamera ya roboti, chombo kidogo kisicho na mtu, kinachoendeshwa kutoka kwenye boti kwa waya. Thamani yake tuliiona kwa uchungu Likoni, Mombasa. Septemba 2019 gari lilitumbukia kutoka kwenye feri likiwa na mama na mtoto wake. Wazamiaji walihangaika siku nyingi katika maji yenye giza na mkondo mkali, na kamera za kushushwa majini zikaletwa kusaidia msako. Gari lilitolewa 11 Oktoba kutoka kina cha mita 58, kina ambacho hakuna nyambizi ya kujiundia ya milioni moja na nusu ningeiruhusu kufika. Tanga nako, kusini kwetu, watafiti wa Aquamarine Fukushima kutoka Japani waliwapiga picha silikanti kwa roboti ya aina hii, bila mtu kulowa.

Roboti ya kuanzia haihitaji kiwanda. Mpango wa SeaPerch, ulioanzia chuo cha MIT, huwafundisha wanafunzi kuunda ya kwao kwa mabomba ya PVC na mota ndogo za volti 12 zilizozibwa kwa nta, na seti yake hugharimu karibu dola 200. Vanga unaweza kutumia mabomba ya duka la vifaa, mota za pampu za kutolea maji ya ngama, kamera ndogo iliyomwagiwa gundi ngumu ya kuzuia maji, taa na waya wa mita 40. Nakadiria shilingi 35,000 hadi 50,000. Ya dukani ya bei nafuu, Chasing Dory, iliingia sokoni kwa kama dola 500 na inafika mita 15. BlueROV2, ambayo watafiti wanaitumia kwa kazi nzito, ni dola elfu kadhaa, na kwa usafiri na ushuru kikundi kijiandae kwa laki saba au nane. Hata hiyo ni nusu ya nyambizi, inafika mita 100, na waya ukikatika kilichopotea ni mashine.

Kazi hazikosekani. Nyavu zilizonasa mwambani zinatafutwa, nanga zinapatikana, malindi ya pweza yanatazamwa kabla ya mtu kuzama. Vanga, Jimbo na Kiwegu wameshazoea kupima na kuandika rekodi za mikoko yao kupitia mradi wa Vanga Blue Forest, na jamii iliyozoea kupima mikoko itajua la kufanya na picha za nyasi za bahari. Mtalii wa Wasini naye atalipa kutazama kioo kinachoonyesha mwamba ulio chini yake.

Kwa hiyo, mwenye elfu kumi anunue miwani. Mwenye elfu hamsini na fundi karibu aunde roboti. Mwenye laki na nusu aende Diani akasomee mtungi. Kikundi chenye milioni moja na nusu kinunue roboti nzuri na kipeleke vijana wanne kwenye mafunzo, na kitabakiwa na pesa za mafuta ya mwaka. Na kama baada ya yote hayo bado kuna fundi anayetaka kuketi ndani ya chuma chake mwenyewe mita 10 chini, simwambii aache. Namwomba aunde na wenzake, afuate mchoro uliokwisha kuzamishwa, na aende ofisi za Kenya Maritime Authority na mchoro huo mkononi kabla ya kulipia bamba la kwanza.